Pumzi ilikwenda wapi dakika ya 60?

"Mwalimu, shikamoo. Naandika kutoka Uyole. Timu yetu ilifungua msimu nyumbani, pale uwanja wa Sokoine, Mbeya, Jumamosi saa kumi jioni. Tulikwenda mapumziko tukiongoza bao moja. Kuanzia dakika ya 60 vijana wakawa wanatembea, watatu wakalala chini misuli imewakaza, na mwisho tukafungwa mawili. Mmoja wa hao watatu ni mdogo wangu, beki wa kulia. Sasa Mwanjelwa nzima inamsema: hana pumzi, mvivu, amezidisha starehe. Sielewi. Kambi ilikuwa wiki sita, kila asubuhi walikuwa wanapandisha mlima Loleza, na mechi tano za kirafiki walishinda zote. Isitoshe sisi ni watu wa juu, wageni ndio hukata pumzi huku. Tukuyu Stars walichukua ubingwa mwaka 1986. Mbeya City walipanda Ligi Kuu mwaka 2013, na msimu huohuo wakamaliza wa tatu. Kwetu kimetokea nini? Na mdogo wangu afanye nini?"

Marahaba, ndugu yangu. Jina la timu nimeliacha kama ulivyoomba. Nakushukuru pia kwa kuhangaika, maana kabla ya kujibu nilikurudishia maswali matatu, nawe ukayapeleka kwa mdogo wako. Nayaweka majibu yake hapa ili wasomaji wengine wafuate. Katika zile mechi tano za kirafiki hakuna aliyecheza zaidi ya dakika 60, kwa sababu kocha alikuwa akibadilisha karibu timu nzima kipindi cha pili ili kila mtu aonekane. Wiki ya ufunguzi walipandisha Loleza Jumatano na Alhamisi, na Ijumaa wakapiga mashuti kwa saa mbili. Na kati ya kumi na mmoja walioanza, sita wamesajiliwa dirisha hili kutoka Dar es Salaam na Tanga, wanne kati yao wakiwa na siku tisa tu Mbeya.

Mimi nikisoma majibu hayo nauona mchezo wa Jumamosi wote kabla haujachezwa. Mdogo wako si mvivu. Alipewa kazi ya dakika 90 na mwili ulioandaliwa kwa dakika 60, na mwili wenyewe ulifika uwanjani umechoka tangu Alhamisi.

Tuanze na Loleza, kwa kuwa najua ndio unaokuchanganya. Mtu anayepandisha mlima ule kila asubuhi anajenga moyo na mapafu, hilo halina ubishi. Lakini mlima unapandwa kwa mwendo mmoja, na mpira hauchezwi hivyo. Katika mechi ya dakika 90 mchezaji wa ndani hufika kilomita 10 hadi 12, na nyingi kati ya hizo ni za kutembea na kukimbia taratibu. Kinachommaliza ni zile mbio kali za sekunde 2 hadi 4, ambazo kwa wastani humjia kila baada ya sekunde 90 hivi, na kila moja inaisha kwa kusimama ghafla, kugeuka na kurudi. Ule wakati wa kufunga breki ndio unaoitesa misuli. Nyama za paja na kigimbi vinafanya kazi huku vinavutwa, na msuli usiozoeshwa kuvutwa hivyo huchanika nyuzi ndogondogo na kuchoka upesi. Kupandisha mlima hakuna breki. Unasukuma tu. Kwa hiyo mtu anaweza kufika juu ya Loleza akiwa anaongea vizuri, halafu beki wa pembeni huyohuyo akafa mguu kwenye kukimbizana na winga mara ya ishirini na tano.

Simpingi anayependa mlima. Wiki mbili za mwanzo wa kambi ni mahali pake. Wiki ya tatu ilitakiwa ianze kuuacha na kuhamia kwenye nyasi: mbio fupi kali, kusimama, kugeuka, mechi ndogo za wanne kwa wanne kwenye eneo jembamba. Kufika wiki ya tano, kila anayetegemewa kuanza awe amecheza walau mechi mbili za dakika 75 na moja ya 90 kamili. Hapo ndipo mechi zenu tano zilipowadanganya. Kushinda 4-0 kwa vikosi viwili vilivyogawana vipindi kunamfundisha kocha nani anajua mpira. Dakika ya 80 ya wachezaji wake inafananaje, hatajua, kwa kuwa hakuna aliyefika huko.

Nina sababu ya kulisema hili kwa uchungu. Miaka ya nyuma nilikuwa kocha wa viungo wa timu moja ya pwani, na ratiba ikatupa ufunguzi Iringa, uwanja wa Samora. Nina kawaida ya kukaa na daftari na kumchagua mchezaji mmoja, mara nyingi beki wa pembeni. Akipanda napiga mstari wa juu, akirudi kwa kukimbia napiga mstari wa chini, akirudi kwa kutembea naacha wazi. Siku ile beki wetu wa kushoto kipindi cha kwanza alinijazia ukurasa, mistari imeenda sambamba kama meno ya kitana. Dakika ya 52 nikaona ameshusha soksi. Dakika ya 57, mpira umetoka, ameinama ameshika kaptula kwa mikono miwili. Dakika ya 61 anarusha mpira, anaufuta na jezi mara mbili, mara tatu, na mpira ulikuwa mkavu. Alikuwa anaomba sekunde. Kuanzia hapo daftari langu lina mistari ya juu mitatu bila hata mmoja wa chini, na bao tulilofungwa lilipita katika ile nafasi aliyoiacha. Kwenye basi la kurudi watu walimtukana yule kijana mpaka Mikumi. Nilinyamaza, na mpaka leo najilaumu kwa kunyamaza, kwa sababu aliyewakimbiza Alhamisi ile mpaka jua likazama nilikuwa mimi.

Basi tuje kwenye Alhamisi yenu. Msuli unakimbia kwa akiba ya sukari iliyohifadhiwa ndani yake, wataalamu wanaiita glaikojeni. Ukiimaliza kwa kazi ngumu, kuijaza upya huweza kuchukua saa 48 hadi 72, na hiyo ni kwa mtu anayekula vizuri. Kutoka Alhamisi asubuhi mpaka Jumamosi saa kumi ni kama saa 57, na katikati mmeweka saa mbili za mashuti. Mchezaji anayeanza mechi akiba haijajaa anaweza kung'ara kipindi cha kwanza, halafu cha pili akawa anatembea sana na mbio kali zinamkataa. Hicho ndicho ulichokiona ukadhani ni moyo mdogo. Siku mbili za mwisho kazi ipungue sana. Ijumaa inatosha dakika 45: kupasha, mbio fupi chache za kuamsha miguu, mipira ya kutengwa, watu waende kula.

Na kula kwenyewe tukuelezee kwa hesabu, maana hapa Mbeya hatuna kisingizio. Siku moja kabla ya mechi mchezaji anahitaji gramu 6 hadi 8 za wanga kwa kila kilo ya uzito wake. Mdogo wako ukimkadiria kilo 70, ni gramu 420 hadi 560. Mchele mkavu una wanga karibu asilimia 80, kwa hiyo angekuwa anakula wali mtupu, ingebidi amalize zaidi ya nusu kilo ya mchele kwa siku. Hakuna anayeweza kwa sahani moja ya jioni. Ndiyo maana inagawanywa: chapati na chai ya maziwa asubuhi, ndizi za Tukuyu saa nne, wali wa Kyela mchana, viazi jioni, ugali usiku, uji kabla ya kulala. Nyama choma na kachumbari, ambayo ndiyo naona vijana wengi wanaagiza Ijumaa wakiwa na posho mkononi, ni chakula kizuri cha siku nyingine.

Sasa mwinuko. Mbeya mjini iko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Kiasi cha oksijeni katika hewa ni kilekile cha Dar es Salaam, asilimia 21, lakini mgandamizo wa hewa ni kama nne ya tano ya ule wa pwani, kwa hiyo kila pumzi inaingiza oksijeni pungufu. Kwa mchezaji aliyetoka pwani, uwezo wa mwili kutumia oksijeni kwenye kazi kali unashuka kidogo, tuseme asilimia 5 hadi 10. Si kiasi cha kumwangusha mtu. La Paz, Bolivia, ambako dunia imebishana sana kuhusu kuchezea juu, ni zaidi ya mita 3,600. Huku kwetu mgeni anacheza, ila kupumua kati ya mbio na mbio kunamchukua muda mrefu zaidi, na deni hilo linadaiwa kipindi cha pili.

Mwili unajirekebisha kwa hatua. Siku za mwanzo unapumua haraka zaidi na moyo unapiga zaidi. Figo zinatoa homoni ya kuamuru damu iongezwe mapema tu, lakini chembe nyekundu za kutosha kuleta tofauti zinahitaji wiki tatu au zaidi, na madini ya chuma yawepo mwilini. Siku tisa hazitoshi. Wale wanne wenu walikuwa wageni kama wapinzani walivyokuwa wageni, tofauti ni jezi tu. Mlima haumtambui mtu kwa kadi ya usajili. Na faida hiyo ina mlango wa kutokea pia: kijana wa Uyole akienda kukaa pwani mapumziko yote ya msimu, akirudi anaanza karibu upya.

Hapa naomba univumilie niguse mifano yako, maana naisikia kila mwaka ligi ikianza. Tukuyu Stars na Mbeya City ni fahari yetu na nitawasema popote. Lakini mtu hachukui ubingwa wala nafasi ya tatu kwa mechi za nyumbani peke yake. Nusu ya mechi zinachezwa ugenini, nyingi zikiwa kwenye joto la chini huko, na pointi za huko hazikuletwa na baridi ya Mbeya. Halafu kuna mfano ambao watu wanaupenda zaidi: tarehe 29 Novemba 2022, Ihefu waliifunga Yanga 2-1 Mbarali na kukatisha mbio za mechi 49 za ligi bila kufungwa. Nilisikia wengi wakisema nyanda za juu zimeiua Yanga. Ndugu yangu, wewe unajua Mbarali. Ile ni bonde la Usangu, nchi ya mpunga, chini ya Uyole kwa mamia ya mita, na Novemba ni jua kali. Ihefu walishinda kwa mpira wao. Tukiupa mlima sifa zao tunawadhulumu.

Kuna jambo moja la hewa nyepesi ambalo wachache hulitazama, nalo ni mpira wenyewe. Huku hewa inaukaba kidogo kuliko pwani, kwa hiyo krosi na mashuti ya mbali vinafika mapema na vinapinda pungufu. Umeniambia bao la pili lilikuwa krosi iliyompita kipa, na kipa ni mmoja wa wale wanne. Asihukumiwe bado. Apigiwe krosi hamsini kila siku kwa wiki mbili, macho yake yatazoea.

Kuhusu misuli kukaza, najua pale jukwaani kila mtu ana dawa yake: chumvi, ndizi, maji ya ndimu. Martin Schwellnus na wenzake wa Afrika Kusini walipima damu za wakimbiaji wa mbio ndefu, waliokaza misuli na wasiokaza, wakakuta upungufu wa maji na chumvi hauelezi tofauti yao. Kilichojitokeza ni uchovu wa msuli: ukichoka kupita ulichozoea, mishipa ya fahamu inayouamuru ukaze inauzidi nguvu ule utaratibu wa kuulegeza. Katika tafiti zao, wengi waliokaza walikuwa wameanza mbio kwa kasi kubwa kuliko waliyoizoea. Soma sentensi hiyo tena ukikumbuka dakika 20 za kwanza za Jumamosi. Ngoma zinalia, jezi mpya, viongozi wamekuja, uwanja umejaa, kila kijana anataka aonekane. Mdogo wako mwenyewe amekiri kwako kwamba alipanda mbele mara saba kabla ya dakika ya 15. Hakuna mechi ya kirafiki aliyofanya hivyo. Mechi ya ufunguzi ina wazimu wake, na asiyeutarajia unamla miguu.

Dawa ya papo hapo ya mkazo ni kuunyoosha msuli taratibu na kuushikilia, kigimbi kwa kuvuta vidole vya mguu kuelekea kwenye goti, mpaka uachie. Asipigwe ngumi, asirukishwe. Akishakaza mara moja, mara nyingi atakaza tena, kwa hiyo kumrudisha uwanjani kishujaa ni kumpeleka kwenye kuchanika.

Ila uwe makini na jambo hili, nalisema kwa herufi nzito moyoni. Msuli uliokaza unakuwa mgumu, unauona umejikunja, na mtu anapiga kelele. Ukiona mchezaji ameanguka misuli laini, amelegea, analalamika maumivu ya mapaja na mgongo na hana nguvu, huo si mkazo wa kawaida. Kwetu Tanzania wapo wengi wanaobeba kinasaba kimoja cha selimundu (sikoseli) bila kujua, wazima kabisa maisha yao yote, na kazi kali mno, hasa sehemu ya juu na kwa mtu ambaye hajazoea, inaweza kuwaletea hali hiyo. Atolewe mara moja, apewe oksijeni, apelekwe hospitali. Kila timu inayosajili watu na kuwaleta Mbeya iwapime kipimo hicho siku ya kwanza. Wapimwe na wingi wa damu na madini ya chuma siku hiyohiyo. Vidonge vya chuma visigawiwe kama pipi, apewe aliyepimwa akakutwa na upungufu. Wengine maharage, dagaa, maini na mboga za majani zinawatosha, wakila na chungwa.

Maji bado ni muhimu, ingawa si upungufu wake uliokaza misuli. Kiangazi chetu kinadanganya. Kuna baridi, kuna upepo mkavu, jasho linakauka kabla hulijaliona, na mapafu nayo yanatoa maji kwa kila pumzi. Mchezaji hasikii kiu. Nunueni mzani. Apimwe kabla na baada ya mazoezi. Kilo moja iliyopungua ni kama lita moja ya maji, na airudishe kwa lita moja na nusu, taratibu, mpaka usiku.

Sasa mfanyeje, na ligi imeshaanza? Kambi hairudi. Msijaribu kuirudisha kwa kupandisha Loleza mara mbili zaidi wiki hii kwa hasira, maana naijua hasira ya viongozi baada ya kufungwa nyumbani. Waliocheza dakika nyingi wapumzike siku mbili za mwanzo kwa mazoezi mepesi. Ambao hawakucheza, siku inayofuata mechi wapewe mbio kali zile walizokosa, vinginevyo watakuwa nyuma daima. Siku ngumu ya wiki iwe moja, mbali na mechi, na iwe ya mbio fupi na breki.

Kwenye mechi zenyewe, kocha atumie benchi mapema. Sheria inaruhusu mabadiliko matano kwa kusimamisha mchezo mara tatu, na mapumziko hayahesabiwi. Mabeki wa pembeni na mawinga ndio wanaochoka mapema, kwa hiyo kuwabadilisha dakika ya 60 si kuwadharau. Na mkishaongoza, timu ijifunze kupumzika mpira ukiwa miguuni mwake: pasi fupi nyuma, kulia, kushoto, wapinzani ndio wakimbie. Kuwabana wapinzani juu kwa dakika 90, mwezi wa kwanza wa ligi, hakuna kikosi cha kwetu nilichokiona kikiweza. Kwa kawaida miguu inakaa sawa kuanzia mechi ya nne au ya tano.

Mdogo wako mwambie mambo mawili tu, mengine ni ya benchi la ufundi. La kwanza, mara tatu kwa wiki, baada ya mazoezi, apige magoti, mwenzake amshike vifundo vya miguu, aushushe mwili mbele polepole akijizuia kwa nyama za nyuma ya paja. Aanze na mara tano kwa seti mbili na aongeze taratibu. Yatamuuma siku za mwanzo, na asiyafanye ndani ya siku mbili kabla ya mechi. La pili, dakika 20 za kwanza achague mara tatu za kupanda, zile zenye mpira wa kweli, nyingine abaki.

Wewe nenda na daftari mechi ijayo. Kipindi cha kwanza kaa upande anaochezea yeye, kipindi cha pili hama naye. Mstari wa juu akipanda, wa chini akirudi mbio, wazi akitembea. Usiangalie mpira kati ya dakika ya 60 na 75, mwangalie yeye tu, halafu nitumie picha ya ukurasa huo.